Litowa haikuwa operesheni: Kijiji cha hiari ni kitu gani hasa?

Vijana wakisema wanataka kuchanga fedha, wanunue ardhi, wajenge nyumba jirani kwa jirani, walime pamoja na wafungue shule ya watoto wao, majibu wanayopata yanafanana. Mzee mmoja atasema, "Hayo tuliyaona enzi za Mwalimu, watu wakapakiwa kwenye malori." Mwingine, hasa akiwa Mkenya, atakumbuka vifo vya wafuasi wa dhehebu huko Shakahola na kuuliza mchungaji wao ni nani. Wa tatu atasema hayo ni mambo ya wazungu waliochoka na mjini. Hatimaye wazo lenyewe linakufa kabla halijaeleweka, na waliolipinga wanaondoka wakiamini wamezungumzia jambo moja, kumbe kila mmoja alikuwa na lake.

Tuanze na maana. Kijiji cha hiari, au jamii ya hiari, ni kundi la watu waliochaguana na kukubaliana kuishi mahali pamoja kwa kanuni walizozitunga wenyewe, huku sehemu fulani ya ardhi, kazi au mapato yao ikiwa ya pamoja. Mambo mawili ndiyo yanayoibeba maana hiyo. Kwanza, mtu anaingia kwa kutaka, na akitaka kutoka anatoka. Pili, kinachowaunganisha ni mapatano, ambayo ni tofauti na ukoo, kabila au ramani ya halmashauri. Wapo wanaoungana kwa sababu ya mazingira: kupanda miti, kulima bila kuchosha ardhi, kutumia umeme wa jua. Wengine huunganishwa na elimu ya watoto, imani, au hitaji la kupata soko kwa wingi. Mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa yote.

Ukitoa elfu kumi kwenye kikoba na ukikatwa elfu kumi ya kodi, mfukoni mwako pengo ni lile lile. Lakini kwenye kikoba ulikaa na wenzako mkapanga kiasi, siku ya kukutana, faini ya mchelewaji, na siku utakayogawiwa. Usipopendezwa unasubiri mzunguko uishe unaaga. Kodi haina kuaga. Sisemi kodi ni mbaya; nchi haiendeshwi kwa vikoba. Ila anayekwambia hivyo viwili ni kitu kimoja kwa sababu vyote vinaitwa mchango, anakupotosha. Kosa hilo hilo ndilo tunalofanya tunapochukua vijiji vyote vya miaka ya 1960 na 1970 nchini Tanzania, vya hiari na vya operesheni za kuhamisha watu kwa amri, na kuvitia kapu moja.

Kwa hiyo nawarudisha wasomaji Songea, kwa sababu mfano bora wa kijiji cha hiari ninaoufahamu haupo Ulaya wala India.

Kabla ya Azimio

Kwa miongo mingi Songea ilikuwa chimbuko la manamba. Wanaume walisafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakakata mkonge kwa mkataba, na kurudi na blanketi, baiskeli, au kutorudi kabisa. Kijana wa pale aliyetaka fedha alikuwa na njia hiyo na chache nyingine. Mwaka 1960, uhuru ukiwa unanukia, kundi la wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU lilikwenda mahali panapoitwa Litowa, wilayani Songea, likiwa na nia ya kufungua mashamba na kuishi humo kwa ushirika. Kiongozi wao mashuhuri alikuwa Ntimbanjayo Millinga.

Jaribio la kwanza halikudumu. Kufyeka pori kunataka chakula cha kukulisha mpaka mavuno ya kwanza, na chakula hicho hawakuwa nacho cha kutosha. Walirudi tena baadaye wakiwa wamejipanga vizuri zaidi, na safari hii kijiji kikashika. Nalitaja hili mapema kwa kuwa linasahaulika kila siku. Jumuiya za namna hii hazifi kwa sababu ya ugomvi wa itikadi peke yake. Nyingine hufa mapema kwa njaa, ukosefu wa maji, au kuishiwa fedha kabla shamba halijaanza kurudisha.

Mwaka 1963 Mwingereza Ralph Ibbott, aliyekuwa amefanya kazi na jumuiya ya wakulima kwenye misheni ya St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, alihamia Litowa na familia yake akiwa mshauri. Hakuwa mkuu wa kijiji. Mwaka huo huo vijiji vilivyokuwa vikichipuka viliunganishwa chini ya chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichofahamika zaidi kwa herufi RDA. Kufikia 1969 vilikuwa vijiji 17.

Kumbuka tarehe hizo. Azimio la Arusha ni la Februari 1967. Andiko la Nyerere lililoeleza siasa ya Ujamaa Vijijini lilitoka Septemba 1967. Maana yake Litowa ilikuwa imekwisha kulima, kuvuna, kugombana na kupatana kwa miaka kadhaa kabla serikali haijawa na siasa rasmi ya vijiji vya ujamaa. Nyerere aliwatembelea, akawaunga mkono, na akawatolea mfano. Wanavijiji walitangulia, maandishi yakawafuata. Mtu akikwambia ujamaa wa vijijini ulibuniwa Dar es Salaam na kushushwa chini, sehemu kubwa ya baadaye ni kweli, lakini mwanzo huu unamkatalia.

Walivyoendesha mambo

Kila kijiji kilikuwa na mkutano wake wa wanakijiji, na humo ndimo mambo yalimoamuliwa: zilimwe ekari ngapi, nani asimamie nini, mapato yagawanywe vipi kati ya walioshiriki kazi, kiasi gani kibaki kwa ajili ya mwaka ujao. Wasimamizi walichaguliwa na waliweza kuondolewa. Kijiji kipya hakikuundwa kwa tangazo. Watu waliotaka kuanzisha chao walijifunza kwanza kwa waliotangulia, na wanavijiji wenye uzoefu walikwenda kukaa nao kipindi cha mwanzo ili kuwasaidia. Familia ziliongezeka kidogo kidogo. Mtu wa mipango aliyezoea kutaka "vijiji 50 ifikapo Juni" angeona mwendo huo ni wa konokono, na kweli wapo viongozi wa wakati ule walioona hivyo.

Mahindi, maharage na tumbaku vilikuwa sehemu ya kilimo chao. Lakini shamba peke yake halimtoi mtu kwenye umaskini kama bei inapangwa na mwingine na mashine ni ya mwingine. Hapa ndipo RDA walipoonyesha akili. Kijiji kimoja cha familia chache hakiwezi kumiliki mashine ya kusaga inayojilipa. Vijiji 17 vinaweza. Basi umoja wao ukawa na mashine ya nafaka Songea mjini, kiwanda cha kupasua mbao, karakana ya ufundi. Litowa kulikuwa na kusokota na kufuma sufu ya kondoo, na maji yakafika kwa bomba. Walipata misaada kutoka Ulaya, na hili walilaumiwa nalo. Lakini msaada ulikwenda kwenye kitu walichokuwa wamekwisha kuamua wanakihitaji, na waliokiendesha walikuwa wanachama wenyewe.

Kulikuwa pia na mpango wa kulea watoto wadogo pamoja mchana na kuwapa chakula chenye lishe wazazi wakiwa shambani. Katika kijiji cha miaka ya 1960, ambako utapiamlo uliua watoto wengi, huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa kuliko hotuba yoyote. Ukimuuliza mama yeyote aliyewahi kulima na mtoto mgongoni, atakwambia kwa nini.

Shule

Shule ya Litowa ilipokea watoto kutoka vijiji vyote vya umoja, wengi wakiwa wa bweni. Mwalimu mkuu wake, Suleman Toroka, aliandika kuhusu jaribio hilo wakati ule, na walichokuwa wakikifanya ni rahisi kukieleza, ingawa ni kigumu kukitekeleza.

Shule ya kawaida ya wakati ule, na kusema ukweli ya wakati huu pia, ilikuwa ngazi ya kumtoa mtoto kijijini. Katika kila darasa wachache walipanda hadi sekondari na waliobaki wakarudi nyumbani wakijiona wameshindwa, ilhali hawakuwa wamefundishwa chochote cha kuwafaa huko nyumbani. Litowa waliigeuza hesabu hiyo. Walichukulia kwamba mtoto atarudi kijijini kwake, kwa hiyo afundishwe kama mtu atakayekiendesha. Hesabu ilihusu mavuno na mahesabu ya kijiji. Sayansi ilianzia kwenye udongo, mifugo na afya. Wanafunzi walikuwa na mashamba yao, wakapanga kazi zao katika mikutano yao, na walimu wakashika jembe pamoja nao. Mtihani wa kuingia sekondari haukuwa ndio lengo la shule.

Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Soma andiko lile ukijua habari za Litowa na utaona mambo yanayoelekeana sana: shule kuwa jumuiya inayozalisha, wanafunzi kushiriki maamuzi, elimu ya msingi kuwa kamili yenyewe badala ya kuwa chumba cha kusubiria sekondari. Waliofuatilia historia hiyo husema mara nyingi kwamba Litowa ilichangia fikra zile.

Sasa linganisha na kilichokuja kufanyika katika shule nyingi nchini kwa jina hilo hilo. Waliosoma miaka ya baadaye wanakijua: kwenda kumwagilia bustani ya mwalimu, kuchota maji, kulima shamba ambalo mavuno yake hakuna mwanafunzi aliyeyaona. Jembe lilikuwa lile lile na jua lile lile. Kilichokosekana ni mwanafunzi kuwa na kauli juu ya kazi na juu ya tunda lake. Nadhani hapa ndipo mtu anapoweza kuona kwa urahisi kabisa tofauti kati ya hiari na amri, kuliko hata kwenye suala la malori.

Wazazi walikuwa na wasiwasi, na walikuwa na haki. Mzazi anayejua kwamba karani analipwa mshahara kila mwezi na mkulima anasubiri mvua, akiambiwa mwanawe anaandaliwa kwa maisha ya kijijini, atauliza kama watoto wa wakubwa nao wanaandaliwa hivyo. Swali hilo halijapata jibu hadi leo, na kila jumuiya yenye shule yake hukutana nalo: tukimfundisha mtoto kwa maisha yetu, je, tumemfungia mlango wa maisha mengine? Jumuiya nyingi za sasa hujaribu kulikwepa kwa kumpa mtoto vyote viwili, yaani mtaala wa taifa asubuhi na maarifa ya jumuiya mchana. Mtoto anachoka, lakini mlango unabaki wazi.

Hiari ilivyogeuka amri

Baada ya 1967 ujamaa ulikuwa siasa ya nchi, na siasa ya nchi hudaiwa matokeo. Andiko la Ujamaa Vijijini lenyewe lilisema wazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika maisha ya ushirika. Lakini mkuu wa mkoa hapimwi kwa hiari za watu. Anapimwa kwa idadi ya vijiji. Kuanzia 1969 vyombo vyote vya serikali viliagizwa kuelekeza nguvu kwenye vijiji vya ujamaa, na kasi ikapanda.

Katika hali hiyo RDA ilikuwa tatizo. Ilikuwa na vijiji vinavyofanya kazi, ilikuwa na mali, na ilikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali. Vijiji vilivyozoea kujadili vilikuwa vikijadili hata maelekezo ya viongozi wa mkoa. Kwa wale waliotaka chama tawala kiwe ndicho kinachoongoza ujamaa, ilikuwa aibu kwamba mfano bora wa ujamaa nchini hauongozwi nao. Kuwapo kwa wageni na misaada ya nje kukawapa hoja ya ziada. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua RDA ivunjwe. Mali zake zilichukuliwa, walimu wa Litowa wakatawanywa, wageni wakaondoka.

Nyerere, aliyewasifu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama kilichowavunja. Wapo wanaosema alizidiwa kura na wenzake, wapo wanaosema angetaka angezuia. Mimi naona lenye uzito zaidi ni kwamba RDA haikuwa na kinga yoyote isipokuwa kupendwa na mtu mmoja, na siku mapenzi hayo yalipokosa nguvu, haikubaki na kitu.

Kilichofuata ndicho ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Operesheni Dodoma ilikuwa 1971, Kigoma ikafuata, na Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa 1976. Mamilioni walihamishwa. Sehemu nyingine watu walisogea kilomita chache wakapata shule, zahanati na kisima ambavyo hawakuwa navyo. Sehemu nyingine nyumba zilichomwa ili mwenye nyumba asirudi, na watu wakashushwa mahali pasipo maji mvua ikikaribia. Yote mawili yalitokea.

Lakini hapa kuna jambo ambalo hata wanaobishana kwa ukali huwa hawalijui. Sheria iliyopitishwa 1975 kuhusu vijiji ilitenganisha vitu viwili: kijiji, na kijiji cha ujamaa. Watu wakikusanywa mahali na kuandikishwa, hicho ni kijiji. Kuwa kijiji cha ujamaa kulihitaji hatua ya ziada: sehemu kubwa ya uchumi wake iwe inaendeshwa kwa pamoja. Vijiji vingi sana vilivyotokana na operesheni havikufika huko. Kwa macho ya sheria ya wakati ule ule, watu wengi waliohamishwa "kwa ujamaa" hawakuwahi kuishi katika kijiji cha ujamaa hata siku moja. Waliishi katika vijiji, kila mmoja na shamba lake, na labda ekari kadhaa za pamoja ambazo kila mtu alizikwepa.

Sufuria, dhehebu na mshumaa

Dhana potofu nyingine haziihitaji nafasi kubwa hivyo. Watu hudhani katika jumuiya kama hii kila kitu kinakuwa cha wote, hadi sufuria. Ziko zilizojaribu kukaribia huko. Kibbutz za mwanzo, yaani vijiji vya ushirika vya huko Israeli, kuanzia Degania mwaka 1910, zilikuwa na chakula cha pamoja, na nyingi zililaza watoto katika nyumba zao za pamoja mbali na wazazi. Desturi hiyo iliachwa, na baada ya msukosuko wa kiuchumi wa miaka ya 1980 kibbutz nyingi zilianza kulipa mishahara inayotofautiana. Kwa kawaida kinachowekwa pamoja ni kile kinacholeta faida kikiwa pamoja: ardhi, maji, mashine, shule, soko. Kitanda na sufuria hubaki vyako.

Wengine hudhani ni maisha ya kukataa maendeleo na kuwasha mshumaa. Watu waliohangaika kupata kiwanda cha mbao na maji ya bomba miaka ya 1960 wangeshangaa kusikia hivyo.

Kuhusu dhehebu, woga huo una msingi. Baada ya mamia ya miili kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, mtu wa pwani ana haki ya kushtuka akisikia watu wanahamia porini na watoto wao. Namna ya kutofautisha haihitaji utaalamu. Uliza kama mtu anaweza kuondoka kesho na akaondoka na chake. Uliza kama mahesabu yanasomwa mbele ya wote. Uliza kama watoto wanakwenda shule inayotambulika na mgonjwa anapelekwa hospitali. Na uliza nini kilimpata mtu wa mwisho aliyempinga kiongozi. Hilo la mwisho usilidharau. Jumuiya ambayo haijawahi kuwa na mpinzani ama ina wiki mbili tangu kuanzishwa, ama ina siri.

Pia tusichanganye kijiji cha hiari na kijiji cha kawaida kilichopata mradi wa mazingira. Chololo, mkoani Dodoma, ni mfano wa hicho cha pili. Kati ya 2011 na 2014, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na chini ya uongozi wa Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, wakazi walijaribu mbegu zinazostahimili ukame, majiko yanayotumia kuni kidogo, biogesi, uvunaji wa maji ya mvua na pampu ya umeme wa jua. Ni kazi nzuri, na pengine inawafaa Watanzania wengi zaidi kuliko jumuiya yoyote ya hiari, kwa kuwa haimtaki mtu ahame wala achague majirani wapya. Lakini Chololo ilikuwapo kabla ya mradi na itakuwapo baada yake. Wakazi wake hawakuapa kitu.

Auroville, na tatizo lisilokwisha

Wanaodhani Litowa ilivunjwa kwa sababu Afrika ndivyo ilivyo, waangalie India. Tarehe 28 Februari 1968, miezi kumi na tisa kabla ya RDA kuvunjwa, mji wa Auroville ulizinduliwa katika jimbo la Tamil Nadu, karibu na Puducherry. Mwanzilishi wake alikuwa Mirra Alfassa, mwanamke mzaliwa wa Paris aliyeitwa Mama na wafuasi wake. Ulikusudiwa uwe mji wa watu 50,000 kutoka mataifa yote, usiomilikiwa na mtu. Hadi leo wakazi wake ni zaidi kidogo ya 3,000, kiasi cha nusu yao Wahindi.

Waanzilishi walipofika walikuta ardhi nyekundu, kavu, iliyokatwakatwa na makorongo ya mmomonyoko. Kabla ya kujenga mji iliwabidi wapande kivuli. Walijenga matuta ya kuzuia maji ya mvua, wakapanda miti kwa miongo, na leo pale ni msitu. Ardhi na nyumba haziwi mali ya mkazi. Unaishi ndani yake, unaitunza, lakini hukuinunua na hutaiuza. Zipo shule za aina kadhaa, ikiwamo zinazopokea watoto wa vijiji vya Kitamili vya jirani, na zipo shughuli za biashara zinazoajiri maelfu kutoka vijiji hivyo. Hapo pana uchungu wake. Wenyeji wanaoamka asubuhi kwenda kufanya kazi katika mji wa usawa, kisha jioni wakarudi kijijini kwao, wana maoni yao kuhusu usawa huo.

Baada ya Mama kufariki mwaka 1973, wakazi waligombana vikali na taasisi iliyokuwa ikisimamia ardhi na fedha. Serikali ya India iliingilia kati, na mwaka 1988 bunge likapitisha sheria maalumu ya Auroville. Mali zikawekwa chini ya chombo cha umma chenye bodi inayoteuliwa na serikali, na wakazi wakawa na baraza lao la wote. Kwa miaka mingi mpango huo ulionekana ndiyo kinga ambayo Litowa haikuipata. Kisha Desemba 2021 matingatinga yakaingia kukata miti ili barabara ya mzunguko iliyo katika ramani ya zamani ijengwe, wakazi wengine wakasimama mbele yake, wengine wakaiunga mkono, na kesi zikafika mahakamani. Bodi ilisema inatimiza mpango wa mwanzilishi. Wapinzani walisema baraza la wakazi limerukwa.

Litowa haikuwa na sheria ikavunjwa kwa uamuzi wa kikao. Auroville ina sheria, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyompa mwingine funguo. Ndiyo maana nasema anayefikiri shida kubwa ya jumuiya hizi ni wavivu, au nani ataosha vyombo, hajazitazama vizuri. Vyombo huoshwa. Kinachosumbua ni nani aliye juu ya mkutano wa wanajumuiya, na ana haki ya kufanya nini.

Kwa anayetaka kujaribu leo

Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na huwezi kuanzisha chako kwa kununua ekari na kupiga kibao. Kijiji ni ngazi ya serikali. Kundi lako, hata liwe na umoja kiasi gani, litakuwa kundi la wakazi ndani ya kijiji cha watu wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa watu wazima wote, una kauli juu ya ugawaji. Anayepewa anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mwenyekiti hana mamlaka ya kukukatia kipande jioni mkiwa wawili chini ya mwembe, na vijana wengi wameshapoteza fedha kwa kuamini anayo. Mgeni asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa njia za uwekezaji. Kenya utaratibu ni mwingine, na huko katiba ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99.

Kundi lenyewe linahitaji umbo la kisheria. Ushirika ndio ulio karibu zaidi na walichokifanya watu wa Ruvuma, kwa kuwa kila mwanachama ana kura moja bila kujali alichanga kiasi gani. Kampuni inampa mwenye hisa nyingi sauti kubwa, hata kama siku ya kwanza mlicheka na kusema sisi ni ndugu. Kusajili ardhi kwa jina la mmoja wenu "kwa muda" ndiyo njia ya haraka, na ndiyo inayowapeleka watu baraza la ardhi.

Kabla hata ya kutafuta shamba, kundi liandike kanuni za kuondoka. Anayetoka baada ya miaka mitano analipwa nini: alichochanga, thamani ya nyumba aliyoijenga, au nauli tu? Analipwa kwa mkupuo au kwa misimu? Akifa, mjane na watoto wanabaki kama wanachama au wageni? Wanandoa wakiachana, nani anabaki na nyumba? Maswali haya yanaharibu hali ya hewa ya kikao cha kwanza, na watu wazuri huyaahirisha kwa kuoneana haya. Ni heri kuyabishania mkiwa bado hamna cha kugawana.

Matetereka, kimoja cha vijiji vya RDA, kiliendelea na shughuli za pamoja kwa miaka mingi baada ya 1969, bila chama kilichokizaa, bila mashine za Songea na bila mwalimu Toroka. Hakuna operesheni iliyowaamuru waendelee.